Barafu Inavyopasuka, na Mlango Niliomfungia Ami Yako

Shirin mwanangu,

Mama yako amekufungia masanduku mara tatu, na mara tatu ameyafungua. Soksi umeambiwa, dawa umeambiwa, sala umeambiwa, na usile nyama usiyoijua umeambiwa mpaka umeziba masikio. Mimi sina la kuongeza hapo. Ukitoka nje kwenye barafu bila kofia utajua mwenyewe, akili unayo na digrii mbili unazo. Nimekaa hapa chumba cha nyuma tangu tulipomaliza kula, na ninachotaka kukwambia ni jambo moja ambalo nimekuwa nikilimeza tangu ulipokuwa na miaka kumi. Barua nitaiweka juu ya pasipoti yako, maana najua pasipoti ndiyo kitu cha kwanza utakachokitafuta asubuhi. Isome kabla ya chai.

Naandika Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu ni cha kuuzia vioo, na Kikachi chetu cha wazee waliotoka Bara Hindi tulikisema tu, hatukufundishwa kukiandika. Wewe utanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yako. Hewala. Ilmradi usome mpaka mwisho hata ukikasirika, na utakasirika.

Jumapili iliyopita uligongewa mlango, ukafungua, ukamkuta Ami Hasan amesimama kizingitini na fimbo yake, koti limelowa chapachapa. Alikuwa amebadilisha mabasi mawili kutoka Edmonton, upande wa pili wa London, mpaka hapa Queensbury na lile goti lake bovu. Akasema, "Shirin, nimesikia unasafiri. Nimekuja kukuaga." Ukamtazama kuanzia juu mpaka chini, ukasema, "Not in this house," ukausukuma mlango mpaka kioo cha juu kikalia. Mimi nilikuwa nyuma yako ukumbini, hatua nne tu. Niliyaona macho yake kabla mlango haujafungika, naye aliyaona yangu. Sikufungua mdomo. Ukageuka ukaniambia kwamba mtu aliyetaka kuniua hatakanyaga zulia letu, ukanibusu shavuni, ukapanda juu kupanga nguo zako.

Ukanibusu, Shirin! Nilibaki pale nikijishika shavu kwa haya. Barua hii ni kwa ajili ya busu lile, kwa sababu halikuwa haki yangu.

Nianzie pale uliponifundisha mwenyewe. Unakumbuka ulipokuja karakana kwangu Kilburn, siku ile uliyopata habari kwamba umechaguliwa kwenda? Nilikuuliza hiyo kazi yenyewe ni kazi gani, mtu na elimu yake kwenda kukaa mwaka mzima kwenye friji. Ukapangusa meza yangu, ukaanza. Ulisema kule kwenye ncha ya kusini ya dunia barafu inateremka kutoka nchi kavu, polepole, mpaka inafika baharini, na ikifika haikatiki hapo hapo. Inaendelea mbele ikielea juu ya maji, pana kama nchi nzima, nene kwa mamia ya mita. Wewe una jina lake la Kiingereza, mimi naiita rafu ya barafu. Rafu hiyo ndiyo inayoizuia barafu ya nchi kavu isije yote baharini kwa mkupuo, na rafu hiyo ina ufa, na wewe unakwenda kuukalia huo ufa.

Nikauliza, sasa nani anaipasua? Ukacheka, ukasema hakuna mmoja. Inavutwa na uzito wake ikijitandaza. Pembeni imeshikwa na milima, chini kuna miamba inayoikwaruza tumbo na kuizuia, na pale inapouacha mshiko ndipo inapochanika. Maji ya bahari yenye uvuguvugu yanaila kwa chini, inakonda, na juu huoni lolote. Bahari ikijaa inainyanyua, ikipwa inaishusha, kila siku ya Mungu, na inapinda pale pale. Na kiangazi, theluji ya juu inapoyeyuka, maji yanaingia ndani ya ufa. Maji ni mazito kuliko barafu, basi yanaulazimisha ufa ushuke mpaka utoboe upande wa pili.

Hapo nilikukata kauli. Nilichukua kioo, nikapitisha almasi ya kukatia juu yake, nikatia tone la mafuta ya taa kwenye ule mchirizi, nikagonga kwa chini. Kikaachana kwa mstari mmoja. Nikakwambia sisi mafundi tunalijua hilo toka zamani, ufa mkavu ni mkaidi, ufa uliolowa unakimbia. Ulifurahi mpaka ukapiga kofi meza, ukasema, "Baba, you should be on the team!" Nilijiona mtu mkubwa siku ile.

Lakini ukaendelea. Ukasema ufa unaweza kusimama miaka mingi bila kusogea. Unafika mahali ambapo mito miwili ya barafu iliungana zamani, na pale kwenye maungio barafu si ngumu, ni laini, ina maji ya bahari yaliyogandia kwa chini. Kichwa cha ufa kikiingia humo kinapoteza makali. Watu wanauona umesimama, wanadhani umekwisha. Halafu siku moja unapenya, na kwa siku chache tu unakwenda mbali kuliko ulivyokwenda miaka yote. Wewe kazi yako ni kupanda vijiti huku na huku vya ufa, upime vinavyoachana, na kufukia mitambo ya kusikiliza jinsi barafu inavyovunjika kwa ndani. Nikakuuliza swali moja la mwisho. Pale ufa unapoonekana, ndipo ulipoanzia?

"Almost never, Baba," ukasema, ukaenda kununua chipsi.

Wewe ulimwona Ami yako amenikaba koo siku ile ukiwa mtoto, ukadhani umeuona mwanzo. Sasa nakupeleka ulipoanzia.

Babu yako alikuwa fundi wa vioo na fremu za picha, Unguja mjini. Duka lilikuwa chini, sisi tukiishi juu. Nilikuwa na miaka kumi na saba wakati wa mapinduzi, na Bhai Hasan, kaka yangu, ishirini na moja. Sitakueleza siasa. Waliokuwa na sababu zao walikuwa nazo, na waliokuwa na mapanga walikuwa nayo, na si lazima wawe watu wale wale. Tulijifungia ndani siku mbili. Siku ya tatu Babu yako akashikwa na homa, anaweweseka, na maji ya kunywa yamekwisha. Bhai akasema anakwenda kisimani nyuma ya msikiti, hatochukua dakika kumi. Babu yako akaniita pale alipolala, akaniambia, "Tia pingo. Usimfungulie mtu." Nikatia pingo, ule mti mzito unaokingama nyuma ya mlango.

Ilikuwa mchana kweupe, jua limewaka. Nilisikia miguu inakimbia uchochoroni, mtu mmoja mbele na wengi nyuma. Halafu ngumi mlangoni kwetu. "Akbar! Fungua! Mimi!"

Mkono wangu ulikuwa juu ya pingo. Nataka uyajue haya sawasawa, kwa hivyo nayaandika taratibu. Nilichungulia penye ufa wa ubao nikawaona wanne. Mmoja nilimjua, alikuwa akija dukani kwetu kutengenezewa fremu. Baadaye nilijiambia kwamba nilimfikiria mama yangu na dada zangu huko juu, kwamba ningefungua wangeingia wote. Uongo. Sikumfikiria mtu. Nilifikiria shingo yangu. Ningelinyanyua pingo pale pale, Bhai angeingia, na labda tungewahi kulirudisha na labda tusingewahi. Sikulinyanyua. Bhai alinisikia nikipumua upande wa pili wa ubao, maana alisema mara ya pili kwa sauti ya chini, "Akbar, nakusikia. Fungua." Hapo wakamfikia.

Walimpiga rungu mgongoni, mlango mzima ukatikisika mikononi mwangu. Wakampiga magoti. Nilisikia goti likivunjika, na mpaka leo nikikanyaga kipande cha kioo kilichofunikwa na gunia nalisikia goti lile. Akalia mara moja tu. Kisha nikasikia kucha zake zinaukwaruza ubao kutoka juu kushuka chini, na panga likapiga, sijui lilipiga mbao au mtu, na chini ya mlango damu ikaanza kuingia ndani. Ilifika kwenye vidole vyangu vya miguu. Nikarudi nyuma.

Aliyemwokoa ni Bi Mize, mama wa Kiswahili aliyekuwa akikaa nyumba ya mkabala na akiuza maandazi. Alifungua mlango wake, akatoka na karai la mafuta ya moto mikononi, akapiga kelele, "Mnamuua mtoto wa watu mlangoni kwangu? Wewe! Nakujua, nitamwambia mama yako alivyokunyonyesha bure!" Wakasita. Naye akaweka karai chini, akamshika Bhai kwapani, akamburuta ndani kwake. Nyumba yake haikuwa na pingo, ilikuwa na pazia na ubao mwembamba. Akaifungua.

Jioni tulipomchukua Bhai, mama yangu, yaani Bibi yako, alitukusanya. Alinitazama mimi kwanza, kwa muda. Halafu akasema, "Hasan ameanguka ngazini." Hivyo tu. Akamwambia daktari Hasan ameanguka ngazini. Akawaambia jamaa wote Hasan ameanguka ngazini. Unajua sisi tulivyo, Shirin. Mtu kwetu anaweza kuvumilia kuuawa, lakini si kusemwa. Ndugu kumfungia ndugu yake mlango ni aibu ambayo ingetufuata kwenye kila posa na kila maziko, basi Bibi yako aliifunika, na alidhani anatuokoa wote wawili. Naye Bhai akakubali. Tulipofika uwanja wa ndege hapa London, baada ya miaka kadhaa ya kutangatanga Mombasa, daktari wa uhamiaji alilinyooshea goti lake kidole akamuuliza limekuwaje. Bhai akajibu kwamba alianguka ngazini, na huku anajibu alinitazama mimi. Maisha yake yote amekuwa akinilindia siri yangu mbele yangu, na ningependa zaidi angenitemea mate.

Tulipanga chumba kimoja Kilburn, sote, kisha tukachukua nyumba hii. Wewe ulizaliwa hapa. Ya mtaani unayajua kwa kusoma, maana sikukubali uyajue kwa kuona. Vijana wa Kizungu wasiotaka Wahindi mtaani walikuwa wakitupiga mawe. Walikuwa wakitia mavi ya mbwa kwenye tundu la barua, wakitupa chupa ya petroli iliyozima yenyewe kwenye bustani kwa sababu ya mvua, Mungu anawapa waja wake mvua ya London kwa hikma yake. Madirisha yalivunjwa mara nyingi mpaka nikawa nakata vioo vya akiba kwa kipimo chetu na kuviweka nyuma ya kabati. Kila lilipovunjwa, nikishasali alfajiri natoa fremu, natia kioo kipya, napiga puti ya kukishikiza, nafagia, na majirani wakifungua mapazia yao nyumba inang'aa. Fundi mzuri sana baba yako.

Bhai alikuwa akisimama nyuma yangu na fimbo. "Unamfichia nani? Waache waone. Twende polisi."

"Majirani watasemaje, Bhai?"

"Majirani ndio waliolivunja, mpumbavu wewe!"

Jioni moja vijana watatu walimshukia kituo cha basi, wakampiga mateke ya mdomo mpaka meno mawili yakatoka. Aliporudi anatema damu kwenye sinki, mimi ndiye niliyekwambia kwamba Ami ameteleza kwenye barafu. Ulikuwa na miaka sita. Ulicheka, ukaigiza anavyoteleza, ukaanguka makusudi kwenye zulia. Naye akacheka na wewe, mdomo umevimba, ili usijue. Wanasema damu ni nzito kuliko maji. Mimi damu nilikuwa naiosha kila wiki, sikuona uzito wake.

Aliyetushikilia alikuwa Bibi yako. Mezani alikaa katikati yetu. Bhai akinitupia neno, analidaka yeye. Mimi nikinuna, ananitilia mchuzi. Nikiwaza leo, naona yeye ndiye aliyekuwa yale maungio laini uliyonieleza. Alifariki mwaka ule wewe ulipotimiza miaka kumi, baada ya Iddi. Miezi mitatu baadaye yakatokea yale.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Wewe na mama yako mlikuwa jikoni mnapika biriani. Tofali likaingia sebuleni, likavunja dirisha, likavunja na picha ya Babu yako. Nje walikuwa watano, wanaimba, mmoja anapiga teke lango. Nilipiga magoti kuokota vipande, ndiyo kazi yangu. Bhai akachukua nyundo kwenye mfuko wangu wa kazi, akaelekea mlangoni. Nikamkimbilia, nikapita kwapani kwake, nikafunga, nikachomoa ufunguo.

"Fungua," akasema.

"Watakuua, Bhai."

"Fungua, Akbar."

"Sifungui!"

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Aliniambia kwa sauti ile ile ya chini niliyoisikia Unguja kupitia kwenye ubao, "Siku ile ulinifungia nje. Leo unanifungia ndani. Sasa wewe mlango unamfungulia nani?"

Miaka kumi na sita hakuwahi kulitaja. Hata mara moja. Nilikuwa nimesahau kwamba naye analikumbuka, ukiweza kuuamini ujinga huo. Nilikuwa bado nimeshika kipande cha kioo mkononi, kirefu, chembamba, na nikampiga nacho usoni.

Nataka uisome sentensi hiyo tena. Si kwamba niliteleza, na wala si kwamba nilimsukuma akaangukia dirisha. Nilimkata ndugu yangu, na hakuna mtu mtaa mzima aliyejua kuliko mimi jinsi kioo kinavyokata. Kilimfungua kuanzia chini ya sikio mpaka pembe ya mdomo. Niliyaona meno yake kwa pembeni, yale yaliyobaki. Nilitaka kumkata. Nilitaka anyamaze, na kwa ule muda mfupi nilifurahi.

Yeye alidondosha nyundo kwanza. Jambo hilo nimeliwaza sana. Angeweza kunipasua kichwa, lakini aliidondosha, kisha akanishika koo kwa mikono miwili akanigandamiza ukutani. Damu yake ilikuwa ikinimiminikia machoni na mdomoni. Macho yakaanza kuniingia giza. Hapo ndipo ulipoingia wewe na mwiko mkononi. Uliona mtu uso wote mwekundu anamnyonga baba yako. Ulipiga ukelele, ukamrukia, ukamng'ata mkono na hukumwachia. Mama yako alidhani ni mimi niliyejinasua. Hapana. Aliniachia alipokuona wewe, akainua mikono yake juu ili asikuguse.

Ukauliza nani amemkata Ami. Mama yako akanitazama, akafahamu, akasema, "Kioo cha dirishani." Nikasema ndiyo, cha dirishani. Na Bhai, amejifunga taulo usoni, akayasikia, akaenda hospitali akawaambia hivyo hivyo. Alianguka ngazini, aliteleza kwenye barafu, dirisha limemkata. Ndugu yangu ana majeraha matatu makubwa na hakuna hata moja lenye mwenyewe. Wiki ile ile akahamia Edmonton. Wewe ukaanza kumchukia, nami nikakuacha, kwa sababu chuki yako ilikuwa ikinifaa. Ulipokuwa ukimsema vibaya nilikuwa nikikwambia, "Basi, mwanangu, yamepita," na watu wakanisifu kwa moyo mzuri.

Najua utasema nisichanganye mambo. Barafu haina hatia. Ni kweli, na ndiyo maana nakuonea wivu kazi yako. Utaupima ufa wako, utaandika bahari imefanya hivi, uzito umefanya vile, na hakuna hata sababu moja itakayoona haya. Mimi nikiandika sababu za ufa wetu, naweza kuwataja waliotufukuza, na waliotupiga mawe, na Bibi yako na uongo wake wa huruma, na wote walitia mkono. Lakini kuna mahali paliposhikwa na mkono wangu, na mimi nikaunyamazia mkono huo miaka na miaka, na kimya kile kiliingia ndani kuliko rungu. Kama ningelimwambia Bhai jioni ile ile, pale kwa Bi Mize, "Nilikusikia, niliogopa, nisamehe," pengine angenipiga ngumi ya pua tukalia, yakaisha. Ufa ungekuwa mkavu bado. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nimeziba nyufa za London nzima kwa puti, na ukuta nimejenga vile vile.

Huko uendako mtakuwa watu wachache mmefungiwa pamoja majira yote ya giza, na utamkosea mtu, tabia yangu unayo. Mwambie siku hiyo hiyo. Hata kwa hasira, hata ukitukana katikati. Sina nasaha nyingine.

Leo baada ya laasiri nilimpigia simu. Namba yake mama yako alikuwa nayo muda wote, ameiandika nyuma ya kalenda, wala sikumuuliza kwa nini.

"Nani?" akasema.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Akbar, Bhai."

Akauliza, "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Shirin anaondoka kesho."

"Najua. Si nilikuja?"

"Nataka kumwambia."

"Umwambie nini?"

"Yote. Mlango wa Unguja. Na kioo."

Nilimsikia akivuta kiti akikaa. Lile goti lina sauti yake. "Mama alitukataza," akasema.

"Mama amekufa, Bhai."

"Basi usimwambie sasa. Mwache aende, arudi. Atakuchukia, na kule aendako hatakuwa na mtu wa kumliwaza." Unamsikia, Shirin? Bado. Mpaka leo ananifichia.

"Nitamwambia leo," nikasema. "Naomba tuje asubuhi."

"Mlete mtoto," akasema. "Mtoto hana kosa. Wewe sikukusamehe, Akbar, na sijui kama nitakusamehe, usije ukitarajia kukumbatiwa. Lakini mlete."

Ndiyo sababu nimesema tutaondoka saa kumi na mbili, na mama yako akashangaa, ndege ya saa tisa mchana mnakwenda kufanya nini uwanjani alfajiri. Edmonton iko upande mwingine kabisa, na njia ya North Circular unaijua ilivyo asubuhi. Nimemweleza sasa hivi. Amelia, amenitukana kwa Kikachi matusi ambayo sikujua kama anayajua, amekwenda kulala.

Sikulazimishi. Umenipenda kwa miaka kumi na sita kwa jambo nisilolifanya, na ukitaka kuyadai mapenzi yako yote leo ni haki yako. Ukishuka na hasira, shuka nayo. Ukiona huwezi kukaa gari moja na mimi, mama yako anaijua treni ya kwenda uwanja wa ndege, atakusindikiza, na utaondoka bila ya mimi kukuona. Hilo nimelifikiria jioni nzima, na ndilo linalonitoa machozi nikiandika hapa, mtu mzima mimi, kwa sababu hakuna kitu nilichokitamani mwaka huu kuliko kukupungia mkono ukipita pale kwenye ukaguzi na yale mabuti yako makubwa.

Lakini saa kumi na mbili gari inatoka kwenda Edmonton, uwe ndani yake au usiwe.

Baba yako,
Akbar